Guu

Neno la kwanza ambalo mwalimu wangu wa fonetiki alilikata kwa kalamu nyekundu lilikuwa "anagugumia". Nilikuwa mwaka wa pili, na zoezi lilionekana jepesi: mchague mtoto mmoja ambaye hajatimiza mwaka, rekodi sauti zake kwa simu mara tatu katika mwaka wa masomo, kisha eleza kwa Kiswahili sanifu unachokisikia. Mimi nilimchagua mwana wa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miezi mitatu. Nikaandika: "Mtoto anagugumia kama njiwa."

Mwalimu, mama wa makamo kutoka Tanga, aliniita mezani kwake. "Mwanangu, kugugumia ni kunywa kwa pupa, mafunda makubwa makubwa, mpaka kikombe kinabaki kitupu. Huyu mtoto anakunywa nini?"

Darasa likacheka, nami nikacheka. Neno lile sikuwa nimelitafuta kwenye kamusi. Nililipenda kwa sababu masikioni mwangu lilifanana na sauti yenyewe. Nikamwuliza basi nitumie lipi. Akafikiri kidogo. Kuguna? Hapana, kuguna ni kwa mtu aliyeudhika, au anayekubali shingo upande. Kubwabwaja? Hapana, huko ni kusema ovyo, na mtoto huyu hajafika kwenye kusema. Mwishowe akasema, "Andika analia. Njiwa analia, mtoto analia, kengele inalia, simu inalia. Wote tumewapa kitenzi kimoja."

Hata kwetu ni hivyo. Kwa Kiluganda, okukaaba ni kwa binadamu mwenye machozi na pia kwa ndege aliye mtini. Nikaandika "analia", lakini sikuridhika, kwa sababu mtoto yule hakuwa na huzuni yoyote. Alikuwa ameshiba na alikuwa akifurahi.

Dada yangu ni fundi cherehani. Anaishi Mukono, mashariki ya Kampala, katika nyumba ya vyumba viwili yenye paa la bati. Chumba cha mbele ndiyo sehemu yake ya kazi. Mimi nilikuwa nikiishi naye ili tusilipe hosteli. Jirani yetu, kijana wa sekondari, anafuga njiwa katika masanduku ya mbao aliyoyapandisha juu ya nguzo, na kila asubuhi njiwa wake huja kutembea juu ya bati letu. Kwanza unasikia kucha zao zikikwaruza, halafu kimya kidogo, halafu sauti ile nzito, ya chini, kana kwamba mtu anapuliza mdomo wa chupa.

Chini ya bati hilo, kwenye mkeka karibu na cherehani, mwana wa dada alilazwa chali na kujibu. Alianza alipokuwa na miezi miwili hivi. "A-guu," alisema, kisha akanyamaza na kumtazama mtu usoni. Ukimjibu "guu", macho yalipanuka, miguu ikapiga hewa, naye akarudia. Ana jina la ukoo na ana jina la ubatizo, lakini ndani ya wiki moja nyumba nzima ilikuwa ikimwita Guu. Nilipomweleza mwalimu akacheka kwa mara ya pili, maana kwa Kiswahili guu ni mguu mkubwa. Akasema mtoto huyo atakuwa mchezaji mpira.

Katika zoezi langu nilieleza sauti hizo kama tulivyofundishwa. Mtoto mchanga ana koo fupi na zoloto lililo juu kuliko letu. Ulimi wake umejaza kinywa, na akilala chali ulimi huo hurudi nyuma, kwa hiyo konsonanti zake za kwanza hutokea nyuma ya kinywa, karibu na pale tunapotamkia g na k. Midomo haina kazi kubwa bado. Irabu zake hazijatulia, lakini sikio la mtu mzima hulazimisha kusikia u. Ndiyo maana sehemu nyingi duniani watu wakiiga mtoto wa umri huo husema kitu kama guu au aguu, wala hawasemi pipi au titi.

Njiwa naye hufungua mdomo kidogo sana kuliko tunavyodhani. Kwa kweli haufungui kabisa. Sauti yake hutengenezwa ndani kabisa ya kifua, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili. Mdomo unabaki umefungwa, umio linajaa hewa na kuvimba kama puto, na ule uvimbe unaouona shingoni ndio unaoipaza sauti ya chini. Nilijaribu kuiga nikiwa nimefunga mdomo. Kilichotoka ni "mmm" ileile ambayo dada yangu alimfanyia Guu akitaka alale. Nikaona nimepata jambo zuri la kuandika: mtoto, mama na njiwa, wote watatu wanazungumza bila kufungua mdomo sana. Mwalimu alinipa alama nzuri.

Rekodi ya kwanza bado ninayo. Guu anasikika, cherehani inasikika, na njiwa wa jirani wanasikika juu ya bati. Mwalimu aliisikiliza kwa spika za masikioni, akafumba macho, akasema, "Hapa katikati sijui ni mtoto au ni ndege." Nilijivunia maneno hayo. Nilimrudia dada nikamwambia, naye akajivuna pia.

Sasa nasema yale ambayo hatukuyaona.

Guu alikuwa mtoto mtulivu, na utulivu wake ulisifiwa na kila aliyeleta nguo kushonwa. Mvua ya radi ilipiga juu ya bati mpaka sisi watu wazima tukapaza sauti ili tusikilizane, naye akalala. Pikipiki za bodaboda zilipita mlangoni, akalala. Jjajja, yaani bibi yetu, alipokuja kutoka kijijini alisema mtoto huyu ana roho ya amani. Na kama ungekuwa na shaka, cherehani ingekuondolea: dada akianza kukanyaga, Guu aligeuza kichwa upande wa mashine. Mlango ukibamizwa, alishtuka. Nani angefikiri kwamba alichokipokea ni mtikisiko wa sakafu uliopita kwenye mkeka mpaka mgongoni mwake?

Rekodi ya pili, ya miezi sita, ilikuwa na guu nyingi na vigelegele. Rekodi ya tatu niliichukua alipokuwa amepita miezi tisa. Kufikia hapo kitabu chetu kilisema nitarajie hatua mpya: silabi zenye konsonanti na irabu zilizopangika, zikirudiwarudiwa, ba-ba-ba, ma-ma-ma, da-da-da. Watoto wengi wanaosikia hufika hapo kabla ya kutimiza miezi kumi, na ndipo baba zao hudai wameitwa kwa jina. Nilikaa na Guu kwenye mkeka Jumamosi nzima. Alinitazama usoni kama zamani. Alicheka. Alitoa guu moja, kisha mlio mmoja mrefu, kisha hakutoa kitu. Nilirekodi dakika kumi na mbili, na nyingi kati ya hizo ni za cherehani na njiwa.

Nilipeleka hivyohivyo. Niliandika kwamba mtoto "amechelewa kidogo, pengine kwa sababu nyumbani husikia lugha tatu". Mwalimu alisikiliza yote dakika kumi na mbili. Hakucheka. Aliondoa spika masikioni, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, anasikia?"

Nikasema ndiyo, bila kufikiri. Nikasema yeye ndiye Guu, yule wa rekodi ya kwanza, anayelia kama njiwa. Akaniambia, "Kulia kwake hakukuambii kama anasikia. Nenda nyumbani, simama nyuma yake mahali asipokuona, sakafu isitikisike, piga makofi."

Jioni ile nilivua viatu. Dada alikuwa amezima taa ya mashine na anapika. Guu alikuwa ameketi juu ya godoro, ameegemea mto, akichezea kibweta cha nyuzi. Nilisimama nyuma yake nikapiga makofi. Nikapiga tena. Nikachukua sufuria na kijiko. Dada akatokea mlangoni akauliza nina wazimu gani, halafu akaona kwamba mtoto bado anachezea kibweta. Sikuhitaji kumweleza. Alikuja akaketi sakafuni mbele yake, na Guu alipoona uso wake akatabasamu, akasema, "Guu."

Kwenye hospitali walimlaza usingizi, wakambandika vipande vidogo vyenye nyaya kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, wakamtumia sauti kupitia vipokezi vidogo, wakaangalia kwenye kompyuta kama ubongo unajibu. Mistari ilibaki imelala hata sauti ilipopandishwa mpaka desibeli 90. Daktari alieleza kwa upole kwamba ni uziwi mkubwa, masikio yote mawili, na kwamba huenda alizaliwa nao. Hakutupa sababu. Alisema kuna wazazi wengi wanaochelewa, kwa sababu mtoto kiziwi katika miezi ya mwanzo hucheka, hulia, na hutoa sauti za furaha kama mtoto mwingine yeyote. Sauti zile haziji kwa kusikia. Huja zenyewe, kama mwili unavyojua kunyoosha miguu. Hatua ya silabi ndiyo inayohitaji sikio, na hapo ndipo mtoto kiziwi huanza kunyamaza.

Jjajja hakukubali. Neno letu ni kiggala, na kwake kiggala ni mtu asiyetoa sauti kabisa. "Mimi nimemsikia akiimba na njiwa," alisema. "Kiggala anaimbaje?" Sikumlaumu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri mimi niliyekuwa nasomea sauti, mwenye rekodi tatu mfukoni.

Wiki ile darasani tulikuwa na kipindi cha methali. Mwenzangu alisimama akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa," akaombwa aeleze maana. Naijua maana yake, ni ya mtu asiyetaka kuonywa, haina uhusiano wowote na mwana wa dada yangu. Hata hivyo nilitoka nje nikasimama kwenye veranda mpaka kipindi kikaisha.

Nilianza kusoma kuhusu njiwa kwa hasira. Nilitaka kujua kama ndege wale wangeweza kunidanganya vilevile. Nikakuta kwamba suala hilo liliulizwa zamani. Katika miaka ya 1960 watafiti waliwalea makinda ya aina moja ya hua chini ya wazazi wa aina nyingine. Makinda yalipokua, kila mmoja alilia mlio wa aina yake mwenyewe, si wa walezi. Mwaka 1971 Fernando Nottebohm na mkewe Marta walichapisha habari za hua waliofanywa viziwi kwa upasuaji wakiwa wadogo. Wakakua, wakalia kama hua wengine. Ndege waimbaji hawako hivyo: mtoto wa ndege mwimbaji asiposikia wakubwa wake, wimbo wake huharibika. Lakini njiwa na hua hawajifunzi mlio wao kwa mtu. Wanazaliwa nao.

Niliwaonea huruma hua wale wa maabara. Na nikaona kwamba ile sentensi yangu ya kwanza, ambayo mwalimu aliikosoa kitenzi chake tu, ilikuwa kweli kuliko nilivyojua. Guu alikuwa analia kama njiwa. Alikuwa analia mlio usiohitaji sikio.

Kitu kilichoniuma zaidi nyumbani kilikuwa dada. Alinyamaza. Zamani alimwongelesha mtoto siku nzima huku akishona: sauti juu, irabu zimevutwa, maswali yasiyo na jibu, nyimbo zisizo na mwisho. Hiyo ndiyo sauti ambayo watu wazima wa jamii nyingi huitoa wakiinamia mtoto, hata wasioipenda, hata wanaume wanaoona haya. Baada ya hospitali aliiacha. Alimnyonyesha kimya, akamwogesha kimya. Nilipomwuliza, alinijibu, "Nimwimbie nani?" Cherehani ikawa ndiyo sauti pekee ya nyumba, pamoja na njiwa wale juu, ambao nilianza kuwachukia.

Guu hakulala tena vizuri. Aliamka usiku mara tatu, mara nne. Hatukuhusisha mambo hayo.

Katika kusoma kwangu nilikuta habari nyingine. Profesa Mei-Fang Cheng, wa Chuo Kikuu cha Rutgers huko Marekani, alichunguza hua majike kwa miaka mingi. Ilijulikana tayari kwamba dume akimlilia jike kwa siku kadhaa, mwili wa jike hujiandaa kutaga mayai yake mawili. Kila mtu alidhani mlio wa dume ndio unaofanya kazi hiyo moja kwa moja. Yeye akaonyesha kwamba dume humfanya jike naye alie kwenye kiota, na kwamba mlio wa jike mwenyewe, anaojisikia akilia, ndio unaoamsha ovari zake. Majike waliozuiwa kulia hawakuendelea vizuri, ingawa dume alikuwepo na alikuwa akilia. Profesa huyo alifikia kuuliza hua jike anamlilia nani hasa, na jibu lake likawa kwamba kwa sehemu kubwa anajililia mwenyewe.

Nilimsomea dada habari hiyo jioni, nikiitafsiri kwa Kiluganda. Alikuwa anapinda sketi ya shule. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema, "Kwa hiyo unaniambia mimi ni njiwa, na kwamba nijiimbie ili nitage." Nikaona aibu. Nikasema hapana. Akasema, "Soma vitu vyako, kojja," yaani mjomba, jina analoniita mbele ya mtoto.

Sitaki kudai kwamba makala ya profesa ndiyo iliyombadilisha. Nadhani ni uchovu. Usiku mmoja, kama siku kumi baadaye, niliamka nikasikia "mmm" ile kupitia ukuta. Guu alikuwa amelia saa nzima, na dada, bila kukusudia labda, alikuwa amemlaza kifuani akaanza kama zamani. Mtoto alinyamaza. Asubuhi nilimkuta dada ameketi kitandani, Guu amelala juu yake, shavu limebanwa chini ya shingo, mahali pale ambapo sauti hutetemesha mfupa. Dada akanionyesha kwa kidole niangalie. Akaanza "mmm", na mkono wa Guu uliokuwa umelegea ukafunguka na kujibandika kifuani pake. Akaacha, na mkono ukapapasa, ukitafuta. Akaanza tena, ukatulia.

"Anajua ninapoacha," aliniambia.

Kiswahili kina neno zuri la jambo hilo, kubembeleza, na nadhani si bahati kwamba linakaribiana na bembea, kile kitu kinachokwenda na kurudi. Kumbembeleza mtoto ni kumpeleka na kumrudisha, na sikio ni mlango mmoja tu wa kuingilia. Hua ana neno lake lingine: Biblia ya Kiswahili, katika Isaya, imempa kuomboleza. Kubembeleza na kuomboleza yanakaribia kuwa vina. Mwaka ule nyumbani kwetu yalikuwa kazi moja, na dada aliyafanya yote mawili kwa sauti ileile, usiku uleule.

Lakini "mmm" ya kifuani haitoshi kumlea mtu. Mtoto anahitaji lugha, na hapo ndipo daktari alipotusisitizia tusipoteze mwezi mwingine. Bei ya upasuaji wa kuweka kifaa ndani ya sikio ilitajwa. Dada alicheka kama mtu aliyeambiwa bei ya ndege. Tulianza na Lugha ya Alama ya Uganda. Katiba yetu ya mwaka 1995 inaitaka serikali ihimize ukuzaji wa lugha ya alama kwa viziwi, jambo ambalo nililisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, sikujua kwamba siku moja litaingia nyumbani kwetu. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke kiziwi, mteja wa zamani wa dada. Kwa miaka miwili alikuwa akileta nguo na kuonyesha kwa vidole inchi za kupunguza, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwuliza lugha yake.

Alikuja kila Jumatano na Jumapili. Mimi, niliyezoea kusifiwa kwamba najifunza lugha haraka, nilikuwa mwanafunzi wa mwisho. Mikono yangu ilikuwa na kigugumizi. Jjajja alipokuja Pasaka alijifunza maziwa, kula, lala na njoo kwa siku tatu, kwa sababu hakuwa na kiburi cha kupoteza.

Guu alikuwa amepita mwaka na miezi miwili alipoanza kufanya jambo ambalo nililiona kama mchezo. Alifungua na kufunga kiganja, akafungua na kufunga, mbele ya kifua, kwa mwendo uleule, huku ananitazama. Kisha akagonga vidole vya mkono mmoja kwenye kiganja cha mwingine, tena na tena. Haikuwa alama yoyote. Nilimwuliza mwalimu wetu, kwa alama zangu mbovu, anasema nini. Akatabasamu akajibu kwamba hasemi kitu, anajaribu. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1991 Laura Petitto na Paula Marentette waliandika juu ya jambo hilihili: watoto viziwi wanaoona lugha ya alama nyumbani huzirudiarudia silabi zake kwa mikono, kama wenzao wanavyosema ba-ba-ba kwa mdomo. Ile hatua niliyoisubiri kwenye mkeka Jumamosi nzima, nikiwa na simu mkononi, ilikuwa imefika. Simu ilikuwa inatazama mahali pengine.

Mwezi uliofuata mwalimu alimpa jina la alama. Viziwi ndio wanaowapa watu majina hayo, hujichagulii. Kwanza alituuliza kwa nini tunamwita Guu, na ilikuwa vigumu kumweleza. Utamwelezaje mtu asiyesikia sauti ya mtoto asiyejisikia? Dada akasimama, akamshika mkono, akamtoa nje, akamwonyesha njiwa mmoja wa jirani juu ya bati, shingo imevimba, mdomo umefungwa. Akamnyooshea Guu. Yule mwanamke akamtazama njiwa kwa muda mrefu. Kisha akaweka vidole vyake vilivyokunjwa kooni, akavifungua polepole kwenda mbele, kama kitu kinachovimba. Hilo ndilo jina lake. Lina maana ya njiwa, na lina maana ya Guu, na hakuna sauti ndani yake.

Sasa niko mwaka wa mwisho. Guu anakaribia miaka mitatu na mikono yake ina maneno mengi kuliko yangu. Bado hutoa sauti akiwa ameshiba, guu nzito kuliko zamani, na wateja wageni humgeukia wakamjibu. Dada hawakatazi. Mtoto akiona midomo yao ikichongoka hucheka, na kucheka kwake ndiko wanakokutaka.

Zoezi lile la mwaka wa pili niliomba kulirudia, ingawa alama zilikuwa zimeshatolewa. Niliandika upya sehemu ya rekodi ya tatu. Nilifuta maneno "amechelewa kidogo", nikafuta na lugha tatu nilizozisingizia. Sehemu ya kwanza sikuigusa, ila kitenzi nilichopewa. Nilimwuliza mwalimu kama kuna neno bora sasa, maana kwa miezi hiyo yote nilikuwa nimelitafuta. Alisoma kurasa zote, akarudi kwenye ile ya kwanza, akaweka kidole chini ya "analia".

"Liache," alisema. "Anayelia anaita. Kuitikiwa ni kazi yetu."